Mlango wa ngama: Siku kumi na mbili Nungwi

Gari ya Nungwi, nambari 116, iliondoka Darajani jua likiwa halijachomoza. Mimi na kijana wangu wa miaka kumi na mmoja tulipata nafasi kati ya gunia la unga na mama mmoja aliyempakata jogoo kama mtoto. Tukapita Mahonda, ambako miwa ilikuwa bado imelowa umande, tukapita Kinyasini na Mkwajuni. Kadiri tulivyosogea kaskazini ndivyo udongo ulivyopungua na mawe ya matumbawe yalivyozidi kujitokeza, mpaka ikawa migomba imetoweka kabisa na kilichobaki ni vichaka, kuta za mawe, na harufu ya bahari.

Tulikuwa tunaitikia simu ya Ami. Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ni nahodha, na jahazi lake ndilo lililotusomesha sisi watoto wa nyumba mbili. Maneno yake katika simu yalikuwa machache kama kawaida yake: “Mlango wa ngama umeoza, mwanangu. Nimelipandisha pwani. Njoo tushauriane.”

Ndugu msomaji uliyekulia mbali na pwani huenda umeisoma shuleni methali ya enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, ukaijibu katika mtihani na ukapata alama zote bila kuijua ngama yenyewe. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni lile tumbo la chini ambamo shehena hupangwa na ambamo kila tone la maji linaloingia chomboni, liwe limepitia wapi, huishia. Katika jahazi la Ami ngama imefunikwa kwa sitaha ya mbao, na mbele ya mlingoti upo mlango wa mraba, upana wake shibiri nne, wenye vizingiti vinne vilivyosimama juu ya sitaha na kifuniko cha kubandua. Hapo ndipo mifuko hushuka na ndipo mabaharia huingia kufua maji. Anayelitazama jahazi kutoka pwani huliona tanga, mlingoti na omo iliyoinuka. Mlango wa ngama hauonekani kabisa.

Habari ya mlango huu haikuanza na kuoza kwake, bali ilianza na saruji. Mwezi mmoja na nusu kabla ya safari yetu, katika mvua za masika, jahazi lilitoka Tanga kwenda Wete, Pemba. Katika shehena yake mlikuwamo mifuko arobaini ya mwalimu mmoja wa chuo, aliyekuwa akijenga madrasa ya vyumba viwili kwa michango ya wazazi. Katika Mkondo wa Pemba mvua iliwanyeshea usiku kucha, bahari ikachafuka, na maji yakawa yanapanda omo na kukimbia juu ya sitaha. Walipofika na kufungua ngama, mifuko ile arobaini, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo iliyokuwa chini ya mlango, ilikuwa imekwisha kuwa mawe. Mwalimu alikuja gatini, akaitazama, akavuta pumzi, akamwambia Ami kwamba bahari haina mwenyewe na kwamba yeye amesamehe. Ami alinisimulia hayo kwa simu wakati ule ule, na sote tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukutana na mtu mwenye moyo wa namna hiyo.

Pwani ya Nungwi leo ni pwani ya aina mbili. Upande mmoja kuna hoteli, viti vya kulalia na muziki, na upande wa pili, hatua chache tu, kuna mafundi wa vyombo chini ya vivuli vya makuti, wakifanya kazi ambayo babu zao waliifanya hapo hapo kwa zana ambazo nyingi hazijabadilika: tezo, msumeno, patasi, randa, na keekee, ile ya uta inayozungushwa kwa kwenda na kurudi mfano wa mtu anayepiga zeze. Wageni hupita na kupiga picha. Mafundi hawainui vichwa. Nilihesabu vyombo sita juu ya mchanga siku ile, kimoja kikiwa mataruma matupu kama mbavu za nyangumi, na jahazi letu la mwisho, limekaa juu ya magogo ya minazi na kuegemezwa miti mbavuni.

Lilikuwa limepandishwa siku mbili kabla, kwa bamvua la mwezi mpevu. Hili nalo lahitaji maneno mawili. Maji ya bahari yetu hujaa sana na kutoka sana mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati yake huwa ni maji mafu, ambayo hayafiki mbali. Chombo kikubwa kilichopandishwa kwa bamvua hakishuki mpaka bamvua lifuatalo, karibu wiki mbili. Kwa hiyo tulikuwa na siku kumi na mbili. Tukizipoteza tutangoja bamvua jingine, mabaharia wanne wakiwa nyumbani hawana kazi, na wake zao wakihesabu vibaba.

Fundi alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu nyeupe, na mikono iliyoonekana mikubwa kuliko mwili. Alipanda sitahani, akavua makubadhi, akaanza kuugonga mlango kwa mpini wa nyundo, pole pole, kizingiti kwa kizingiti, sikio likiwa karibu na mbao kama daktari. Mbao nzima hulia, na mbovu hutoa sauti ya ngoma iliyolowa. Baada ya hapo alichomoa kisu na kuchoma kwenye pembe zote nne. Pembe mbili za mbele kiliingia mpaka kwenye mpini, bila nguvu.

Ndipo akaanza kufumua. Juu ya kifuniko na vizingiti palikuwa na turubai lililopakwa lami. Alipolichana, chini yake palitokea kipande cha bati kilichopigiliwa kuzunguka pembe, kimeliwa na kutu mpaka kinapenya mwanga. Alipoling'oa bati, mbao iliyokuwa chini ilikuja nayo, laini, nyeusi, yenye unyevu, ikimeguka vidoleni kama mkate uliolowekwa. Misumari iliyokuwa unene wa kidole cha mwisho ilikuwa imebaki kama sindano za kushonea magunia.

“Nahodha,” fundi akasema bila kumtazama Ami, “hivi ni viraka viwili. Hili turubai naona ni la mwaka jana. Hili bati lina masika mangapi?”

Ami akajibu kwamba kusi la mwaka huu limeanza mapema.

Fundi alikuwa mtu mzima, akaelewa, akanyamaza. Kijana wangu hakuwa mtu mzima. Akauliza, kwa adabu zote na kwa sauti iliyosikika mpaka chini: “Kwani Babu ulikuwa unajua kama panavuja?”

Ami alitazama baharini kwa muda. Kisha akashuka kwa ngazi na kwenda kutia udhu, ingawa Adhuhuri ilikuwa bado saa nzima.

Nilibaki na fundi, na kwa kuwa wote wawili hatukutaka kuzungumzia tulilolisikia, tulizungumzia mbao. Nilimwambia nilidhani chumvi ya bahari ndiyo inayoozesha vyombo. Akacheka. Akasema bahari inakula chuma, lakini mbao inaliwa na mvua. Vile viotea vinavyoozesha mti haviipendi chumvi, ila hustawi katika maji matamu yaliyotuama mahali pasipopata upepo. Ndiyo maana mabaharia wazuri huimwagia sitaha maji ya bahari asubuhi na jioni. Chumvi huihifadhi, na unyevu huzifanya mbao zivimbe na kubanana, maana mbao iliyokaushwa na jua hunywea na kuacha nyufa, na mvua ya kwanza ikipita humo hakuna wa kuizuia. Kirago kibaya kuliko vyote, alisema, ni lami na turubai juu ya mbao iliyokwisha kuanza kuoza. Maji yaliyokwisha kuingia hayapati pa kutokea. Juu pazuri, pameng'aa, na chini kazi inaendelea usiku na mchana.

Mlango, aliendelea, huanza kuoza kwenye pembe kwa sababu ndipo kichwa cha mbao kilipo. Mti hunywa maji kwa kichwa chake, kule msumeno ulikokata, kuliko kwa ubavu wake. Aliyeutengeneza mlango wetu zamani aliviweka vizingiti juu ya sitaha na kuvipigilia tu, bila kuvishusha mpaka kwenye darumeti, yale maboriti ya ndani yanayoibeba sitaha. Chombo kinapopinda katika mawimbi, na kila chombo cha mbao hupinda, kizingiti kilichokaa juu juu hujiachanisha na sitaha kwa unene wa ukucha. Ukucha mmoja unatosha.

Sikutaka kuamini kwamba jambo dogo hivi lina uzito mkubwa, mpaka nilipokumbuka habari ya meli ya Uingereza iitwayo Derbyshire. Ilikuwa meli ya shehena yenye urefu wa karibu mita 300, na ilizama Septemba 1980 kusini mwa Japani katika kimbunga, pamoja na watu wote 44 waliokuwamo. Mabaki yake yalipopatikana baadaye chini ya bahari na kuchunguzwa, ikathibitika kwamba maji yaliingia kwanza sehemu za mbele kwa kupitia matundu madogo ya sitaha, omo ikalemewa, kisha vifuniko vya ngama vikavunjwa na uzito wa mawimbi. Hata kabla ya hapo mataifa yalikuwa na mkataba wa mwaka 1966 unaotaka vizingiti vya milango ya ngama, mahali penye hatari zaidi kwenye sitaha ya meli kubwa, visipungue sentimita 60. Jahazi halimo katika mkataba ule, lakini maji hayajui nani amesaini. Kizingiti chetu cha zamani kilikuwa na shibiri moja tu.

Jioni ile tulishauriana. Baharia mmoja kijana alikuja na shauri la kisasa: rafiki yake alikuwa na mlango uliotumika wa boti ya kitalii, wa aluminiamu, wenye kioo cha plastiki na mpira wa kuzuia maji, kwa bei ya kuridhisha. Ulipendeza kweli. Kijana wangu aliupenda mara moja kwa sababu ungeingiza mwanga ngamani. Fundi aliushika, akaugeuza, akaubonyeza ule mpira ambao ulikwisha kukakamaa kwa jua, akasema kitu kimoja ambacho kilimaliza mjadala: mlango ule ulitengenezwa kwa ajili ya sitaha isiyosogea. Fremu yake hukaa juu ya sehemu iliyonyooka kama meza na kukazwa kwa skurubu. Uweke juu ya sitaha ya mbao inayopumua, na baada ya miezi sita skurubu zitakuwa zimelegea au fremu imepinda. Aliongeza kwamba mfuko wa saruji ukiteleza mkononi mwa mpagazi na kuangukia kile kioo, hatukuwa na haja ya kuuliza kitakachotokea. Shauri la pili lilikuwa kukata pembe zilizooza na kupachika vipande. Hilo ndilo Ami alilolitaka, kwa kuwa lilikuwa rahisi. Fundi akasema anaweza, na kwamba hatalitia mkono wake.

Basi ikawa mlango mpya. Vizingiti vya mvule na kifuniko cha msaji. Mvule haupatikani kirahisi siku hizi, na ulio mkubwa umelindwa. Huu wetu ulitoka kwenye chombo kilichovunjwa, mbao nene za zamani ambazo fundi alizihifadhi chini ya makuti yake kwa muda ambao yeye mwenyewe ameusahau. Alizikata ncha moja na kunionyesha. Ndani zilikuwa na rangi ya asali.

Usiku, baada ya Isha, tulikaa barazani. Mke wa Ami alituletea chai ya mchaichai na mikate ya ufuta, kisha akaondoka na kijana wangu kwenda kumwonyesha jinsi kamba za makumbi zinavyosokotwa, nami nadhani aliondoka kwa makusudi. Ami alikaa kimya mpaka chai ikapoa.

“Nilijua,” akasema. “Bati nililipiga mwenyewe. Masika matatu nyuma.”

Nikasema safari zote zile lilihimili.

“Lilihimili. Na Tanga siku ile niliona maji pembeni kabla ya kupakia. Nikamwambia kijana aongeze lami.” Akanyamaza tena. “Yule mwalimu aliniuliza, Nahodha, ilikuwaje? Nikamwambia wimbi. Na wimbi lilikuwapo, wallahi sikusema uongo. Lakini alichonisamehe si kile nilichokifanya.”

Sikuwa na neno la kumjibu. Mimi pia nilikuwa nimeshukuru kwa msamaha ule, na labda nilishukuru upesi kwa sababu mifuko arobaini ya saruji si fedha ndogo na sikutaka kuombwa mchango. Sisi sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba mwenye kubeba amana hadaiwi kwa kilichoharibika bila uzembe wake, na hudaiwa akizembea. Ni kanuni ambayo mtoto huielewa. Ami aliijua kuliko mimi. Alichokuwa hakukifanya bado ni kujiweka upande wa pili wa kanuni hiyo.

Asubuhi alikwenda mwenyewe chini ya mkungu, mahali ambapo simu hushika vizuri, akapiga Wete. Nilimwona kwa mbali akizungumza amesimama, kofia mkononi. Mazungumzo hayakuwa marefu. Aliporudi alisema mwalimu alinyamaza muda mrefu mpaka akadhani simu imekatika, kisha akasema: nusu nitaidai, kwa sababu ile si yangu ni ya watoto, na nusu naisamehe, na safari hii naisamehe nikijua. Mifuko ishirini, basi. Ami alikuwa na ng'ombe mmoja, na kufikia wiki ile kwisha hakuwa naye tena.

Kazi ilianza siku ya tatu. Sitaisimulia yote, ingawa ningependa. Sitaha iliyozunguka mlango ilikatwa mpaka kwenye mbao nzima, na boriti moja la darumeti ambalo lilikuwa limeanza kulainika kichwani likaongezewa ndugu ubavuni. Vizingiti vilichongwa kwa tezo kisha randa, na pembe zake zikashikana kwa meno yaliyoingiana kama vidole vya mikono miwili, ili kila kichwa cha mbao kijifiche ndani ya mwenziwe. Vikashushwa kupita unene wa sitaha mpaka vikakaa juu ya darumeti, na juu vikabaki na shibiri mbili na ushei. Ami alilalamika kwamba wapagazi watajikwaa. Fundi akamwambia wapagazi wana macho.

Misumari ilikuwa ya chuma kilichochovywa zinki. Hakuna hata mmoja uliopigwa bila kutobolewa njia kwa keekee, tundu likiwa jembamba kuliko msumari kidogo tu, na kila mmoja ulivikwa uzi wa pamba uliolowa mafuta chini ya kichwa chake kabla ya kuzama. Kijana wangu alipewa keekee siku ya tano. Alipokuwa amechuchumaa akizungusha, ulimi nje, fundi akamwuliza kama anaijua hadithi ya watu wa chombo, ile aliyoipokea Nu'man bin Bashir (R.A.) kutoka kwa Mtume (S.A.W.) na kusimuliwa na Imamu Bukhari: wa juu na wa chini, na wa chini wakawa wanaona taabu kupanda kuchota maji, wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao. Kijana akasema anaijua, waliambiwa darasani. Fundi akamwambia basi atoboe hapo hapo alipochorewa alama na si pengine, maana yeye atakuwa amesimama juu. Ni mzaha ambao nadhani kila mwanagenzi wa pwani ile ameusikia, na bado ulituchekesha.

Wakati wa mapumziko mzee mmoja msokota kamba alituhadithia habari za mitepe, vyombo vya kale vya pwani yetu vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Si ngano. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331 na kuisifu misikiti ya Mombasa kwa kujengwa vizuri kwa mbao, aliandika pia juu ya vyombo vya Bahari ya Hindi vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi, na akaeleza kwamba chombo kilichoshonwa kina unyumbufu na hakivunjiki upesi kikigonga mwamba. Fundi alisikiliza akitafuna ndizi. Akasema hata chetu chenye misumari kimeshonwa, isipokuwa uzi wake ni pamba.

Na kweli, kazi ya kukalafati ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Pamba husokotwa, hulowekwa mafuta, kisha hushindiliwa katika kila uwazi kati ya mbao na mbao kwa chuma bapa na nyundo, mshindo mmoja mmoja, mpaka sauti ibadilike. Juu yake huzibwa kwa chokaa iliyokandwa na sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake haikututoka nguoni mpaka leo. Katika kona kati ya kizingiti na sitaha fundi aliweka ubao mwembamba wa pembe tatu, ili maji yasipate bonde la kutuama. Kifuniko alikipa mgongo kama wa kobe, na kingo zake zikashuka nje ya vizingiti kama kifuniko cha chungu, si kuingia ndani kama kile cha zamani. Pande mbili aliweka vyuma vya kushikilia turubai kwa kabari wakati wa bahari chafu. Turubai hilo, alimwambia Ami mbele yetu sote, ni la kufunga safarini na kufungua bandarini. Ngama iliyofungwa siku zote hutoka jasho, na jasho lake ni maji matamu.

Siku ya kumi na moja tukaujaribu. Kijana wangu aliingia ngamani na tochi, kifuniko kikafungwa, na mabaharia wakamwaga ndoo kumi za maji ya bahari juu ya mlango. Tukangoja. Kutoka chini ikaja sauti iliyozibwa: “Panadondoka! Pembe ya kushoto, mbele!” Nilimtazama Ami. Uso wake ulikuwa umebadilika, na mkono wake ukawa umekwisha kuielekea ndoo ya lami iliyokuwa karibu, kwa mazoea tu, kabla hajaurudisha. Fundi hakusema kitu. Akaing'oa pamba yote ya upande ule, dhiraa nzima, kwa ajili ya tone moja. Ilikuwa sehemu ambayo mwanagenzi aliishindilia jua lilipokuwa linakuchwa. Akairudia mwenyewe. Baada ya Alasiri tukamwaga ndoo ishirini, na kijana alipotoka alikuwa mkavu, isipokuwa jasho.

Bamvua la mwezi mwandamo lilikuja. Huko Nungwi siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alasiri, na kufikia wakati ule watu walikuwa wamekusanyika bila kuitwa, wavuvi, mafundi wa vyombo vingine, watoto wa chuo, na wageni wawili wa hoteli walioomba kushika kamba na wakapewa. Ikasomwa dua, halua ikagawiwa, magogo yakapakwa mafuta, na jahazi likashuliwa kwa nyimbo na vishindo, likasita mara moja kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha likaelea.

Sisi tulirudi mjini kesho yake kwa gari ile ile. Kijana wangu alichukua msumari mmoja wa zamani, ule mwembamba kama sindano, akaufunga katika karatasi. Ami alikwenda Tanga kupakia.

Siku ya tisa akapiga simu. Mvua ilikuwa imewanyeshea tena katika Mkondo. Mifuko ishirini ilishuka Wete mikavu, na mwalimu, kabla ya kuipokea, alipanda chomboni, akaomba ashuke ngamani, akapapasa kwa kiganja chini ya mlango mpya pembe zote nne. Alipotoka hakusema habari ya saruji. Aliuliza msaji ule ulinunuliwa wapi, kwa sababu madrasa bado haina milango.